Mistari Saba ya Fundi

Sijapata kumjua mtu mwingine aliyeuogopa ukimya wa mashine kama Fundi. Sisi wengine pale zahanati tulifurahi mitambo iliponyamaza. Kwetu ukimya ulikuwa na maana kwamba mambo ni shwari, na kwamba mtu anaweza kushuka chini kunywa chai. Yeye alikuwa kinyume chetu. Skrini ikikaa muda bila kuandika chochote, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayemsemesha mgonjwa aliyelala: "Umemaliza, au umekufa?"

Mara ya kwanza nilipomsikia nilicheka. Nilikuwa mgeni wa kazi, nimeajiriwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na nilidhani ni mzaha wa mtu anayekaa peke yake mno. Sikujua kwamba swali lile, lililokuwa la kila siku kinywani mwake, lingekuja kunifuata hadi jikoni kwangu.

Tulimwita Fundi, na sikumbuki mtu aliyemwita vinginevyo isipokuwa mkewe. Alikuwa msimamizi wa kompyuta katika zahanati ndogo ya Changamwe, upande ule ambao malori ya mafuta hupanga foleni tangu asubuhi na vumbi hutua juu ya kila kitu, hata juu ya chai kama hukuifunika. Chumba chake kilikuwa stoo ya magodoro zamani. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama matangi meupe ya mafuta, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na kabati la chuma lenye seva, yaani ile kompyuta kubwa iliyotunza habari za wagonjwa wote. Meza yangu iliwekwa humo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Kwa hiyo kwa miaka tisa nilifanya kazi nikiwa nimempa mgongo, na mengi ninayoyajua juu yake niliyajua kwa masikio.

Ukimwamkia, hakukuachia hivi hivi. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba. Umeamkaje?" Na hapo alisimama, kikombe mkononi, akingoja. Ukijibu "salama" huku unaendelea na safari yako, alikuuliza nyuma ya kisogo: "Salama ya nini? Ya kichwa, ya mtoto, au ya nyumba?" Wauguzi walimtania sana kwa tabia hiyo. Yuko sista mmoja wa zamu ya asubuhi, mwanamke mnene wa maneno mengi, aliyependa kumwambia, "Fundi, ukisalimiana hivi na kila mtu, zahanati hii itafungwa saa ngapi?" Naye hujibu bila kutabasamu, "Itafungwa tukimaliza, sista." Lakini ilikuwa kweli kwamba alitaka kujua. Nilipomwambia siku moja kwamba mwanangu ameamka na homa, aliniuliza habari zake mchana, akaniuliza jioni, na kesho yake kabla hajaweka mfuko wake chini. Hakuridhika mpaka niliposema mtoto amecheza.

"Usinambie imeisha," ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu wa maabara, wa dawa, hata mafundi waliokuja kuziba paa. "Nambie imeishaje."

Pamoja na hayo, alikuwa mtu wa kujipinga. Alihubiri subira, naye alikuwa mzee wa kanisa, lakini matangazo ya ibada yakirefuka alitoka nje akaenda kusimama kivulini mpaka yaishe. Alitaka ushahidi wa kila jambo, ila aliamini bila ushahidi wowote kwamba mtu akinywa maji baridi baada ya kula papai atashikwa na tumbo, na hakuna daktari aliyeweza kumtoa hapo. Maisha yake yote yalikuwa kompyuta, naye alitembea na simu ya vibonyezo iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa mkali kwa uzembe, mkali hasa, lakini mtu akija kwake akasema "Fundi, nimekosea," ukali ule ulimtoka papo hapo. Alivuta kiti, akamwambia akae, na wakaanza kutengeneza.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni kitu cha muda. Waya uliofungwa kwa plasta ya jeraha. Jiwe la kuzuia mlango. Karatasi iliyobandikwa juu ya kitasa kilichovunjika ikisema "sukuma". Akikuta vitu hivyo alivitoa kwa mkono wake. "Nani kaweka hii?" Mtu hujibu, "Ni ya muda tu, Fundi." Naye: "Muda gani? Nitajie siku." Kwa kuwa hakuna aliyeweza kutaja siku, jiwe lilitupwa nje na mlango ukawa unajifunga kwa kishindo mpaka seremala aje.

Nalieleza hili la vitu vya muda kwa sababu ndilo lililonifanya nisimwelewe baadaye, au pengine ndilo lililonifanya nimwelewe.

Alinifundisha kazi yake, ijapokuwa sikumwomba na haikuwa yangu. Nadhani alichoka kuzungumza na mgongo wa mtu asiyeelewa anachosikia. Siku moja ya mvua, malori yamekwama barabarani na wagonjwa ni wachache, aligeuza kiti chake.

"Mama Riziki, ukipika wali wa nazi, tui zito unalitia lini?"

"Maji yakikauka."

"Unajuaje kwamba yamekauka? Kwa saa?"

"Kwa saa nitakula mchele. Moto wa makaa haufanani siku zote."

"Basi unasikiliza. Sufuria ikinyamaza kuchemka, unatia."

"Nafunua kwanza, Fundi."

"Ya nini kufunua, na umeshasikia kimya?"

"Kwa sababu hata ukiungua unanyamaza."

Alipiga kofi moja kwa furaha. "Hapo. Umemaliza chuo. Hayo mengine ni maandishi tu."

Maandishi yenyewe ni haya. Skripti ni orodha ya amri ambazo kompyuta huzisoma na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Aghalabu kazi huwa ya skripti mbili: ya kwanza huandaa, ya pili hutumia kilichoandaliwa. Swali lililomshughulisha Fundi siku zake zote ni hili: ya pili itajuaje kwamba wakati wake umefika? Kuna wanaoipangia saa, wakitumaini ya kwanza haitachelewa. Hao aliwadharau. Kuna wanaoiambia ya pili iichungulie ya kwanza kila dakika, na pale itakapoona haimo tena katika orodha ya kazi zinazoendelea, ianze. Hao aliwaita wasikilizaji wa sufuria. Na kuna wanaofunua: ya kwanza inapokoma huacha nambari nyuma yake, sifuri ikiwa imemaliza vyema, nambari nyingine ikiwa imeshindwa. Ya pili husoma nambari hiyo, na isipokuwa sifuri haianzi. "Kutokuwepo si jibu," aliniambia. "Mtu aliyetoka ukumbini, huwezi kujua ameshiba au amezirai mpaka umfuate."

Alijua hayo yote, alinifundisha mimi, aliwafundisha waliokuja kujifunza kazi kwake. Na kwa miaka miwili, ndani ya kabati lile la chuma, palikuwa na mistari saba iliyosikiliza sufuria, na aliyeiandika alikuwa yeye.

Ilianza kwa haraka njema. Zahanati ilipokea wagonjwa wengi wa kukohoa, wafanyakazi wa maghala na wapangaji wa vyumba vya karibu karibu, na makohozi yao yalipimwa katika maabara yetu ili kujua nani ana kifua kikuu. Fundi alitengeneza skripti ya kuyatoa majibu kwenye mashine ya maabara na kuyaingiza katika rejista. Siku ya kwanza ilipotumika, ilikuwa imekwisha kuanza, iko katikati ya mafaili mengi, daktari msimamizi alipopanda na wazo jipya: wale ambao hawana ugonjwa watumiwe ujumbe wa simu leo hii, mara majibu yatakapoingia, wasikae na hofu. Wenye ugonjwa tutawapigia sisi wenyewe. Fundi hakutaka kuikatiza kazi iliyokuwa ikiendelea. Akaandika mistari saba ya kuichungulia: maadamu ipo, ngoja, ikitoweka, tuma. Niliyasikia mabonyezo ya kibodi nyuma yangu, na kijiko kikigonga kikombe. "Ya leo tu," alisema, ama kwangu ama kwa nafsi yake. "Jumatatu nitaifunga sawasawa."

Ujumbe ulikwenda vizuri. Watu walipiga simu kushukuru. Jumatatu printa ya dawa ikaharibika, wiki iliyofuata paa likavuja juu ya kabati, na mistari saba ikakaa pale ilipo, ikifanya kazi kila siku bila kosa, kimya kabisa.

Kosa la pili lilikuwa letu sote, maana tulikaa mezani tukalikubali. Katika rejista, mwenye ugonjwa alitiwa alama. Asiyekuwa na alama alihesabiwa mzima. Hakuna aliyeuliza, je, na yule ambaye jibu lake halijafika?

Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, diski ya mashine ya maabara ilijaa. Skripti ya kwanza ilikuwa imeingiza majibu ya watu wachache tu ilipokatika. Ya pili ikachungulia, ikaona mwenzake hayumo, ikaanza. Watu kumi na mmoja walitumiwa ujumbe kwamba uchunguzi haukuonyesha ugonjwa wowote, kabla majibu yao hayajasomwa na yeyote.

Fundi hakuwapo chumbani. Alikuwa ameitwa chini kutazama kompyuta ya dawa. Niliyekuwapo ni mimi, na jina langu ndilo lililokuwa katika zamu. Kwa kawaida kazi ile ilichukua kama dakika hamsini. Siku ile ilichukua kumi na mbili. Niliona. Nilitazama saa ya ukutani kwa sababu nilikuwa na mkutano wa wazazi shuleni kwa mwanangu, Kisauni, na safari kutoka Changamwe si fupi. Niliona kwamba ujumbe umeanza kutumwa mapema, nikajiambia mashine leo ina heri, nikachukua mkoba wangu. Nakumbuka kwamba nilifurahi. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lisilofutika: ile furaha ndogo, nikishuka ngazi.

Asubuhi yake alipanda mtu wa maabara, mwenyeji wa bara aliyekuwa na mazoea ya kulalamika kabla ya kusalimu. "Fundi, nina majibu ya watu watatu wa kifua hapa tangu jana na hakuna mtu amewapigia simu. Mnangoja nini huku juu?"

Fundi alivua miwani. Safari hii hakuifuta. Aliishika tu, akasoma yale majina matatu kwenye karatasi ya maabara akiwa ameisogeza karibu na uso, kisha akageukia skrini, akaanza kuwahesabu waliotumiwa ujumbe.

Wanane kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wazima kweli. Watatu walikuwa wagonjwa. Mmoja alikuwa utingo wa lori. Tulimpata siku hiyo hiyo barabarani, anakula muhogo. Wa pili alikuwa bibi wa Chaani. Alitusikiliza, akasema alijua tu, mwili wake ungemdanganya vipi? Wote wawili walitibiwa wakapona. Wa tatu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Mbeyu, kibarua katika ghala moja la karibu, mpangaji wa chumba huko Junda.

Tulikwenda Junda mimi na Fundi jioni hiyo. Mwenye nyumba alikuwa anapepeta mchele barazani. Simu iliyopokea ujumbe ilikuwa yake, kwani Mbeyu hakuwa na simu.

"Mbeyu kaondoka leo asubuhi," alisema. "Ule ujumbe wenu nilimsomea mimi. Alilia, masikini. Tangu mwezi uliopita dadake anamwita akakae naye, amsaidie watoto, naye hataki, ati ataua watoto wa watu kwa kifua. Nilipomsomea akaniambia, mama, basi sasa naweza kwenda. Akafungasha usiku."

"Kwenda wapi, mama?" Fundi aliuliza.

"Kwa dadake. Ng'ambo ya Likoni huko. Mtongwe, au Shika Adabu, sijui. Alisema ni karibu na kanisa." Kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani kuna nini?"

Fundi alimweleza. Hakuficha, hakupunguza. Alipofika mahali pa kusema nani alikosea, alisema "mimi" tu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja pale barazani, na mwenye nyumba alikuwa ameacha kupepeta. Sikuisema.

Kule ghalani vibarua hawakuandikwa. Walichaguliwa langoni kila asubuhi kwa kunyooshewa kidole. Makanisa ya Likoni na viunga vyake ni mengi kuliko nilivyodhani. Maofisa wa afya wa upande ule walipewa jina lake, wakaliweka katika vituo vyao, wakauliza walivyoweza, wakarudi katika kazi zao nyingine. Fundi hakuacha kutafuta.

Daktari msimamizi alimtaka aandike ripoti. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa, "Mistari saba iliyosababisha kosa hili ni yangu." Alipewa barua ya onyo, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati kama risiti ya duka. Juma lile lile aliibomoa kazi yote akaijenga upya. Toka siku hiyo skripti ya pili haikuanza mpaka isome nambari ya skripti ya kwanza. Ikikuta si sifuri, ilisimama na kumwita. Katika rejista, nafasi tupu ikawa na jina: "haijulikani". Mashine zetu zikawa na maneno mengi kuliko sista wa zamu ya asubuhi. Fundi mwenyewe akapungukiwa na maneno.

Jumamosi alikwenda Likoni. Kila Jumamosi, miaka sita. Alivuka na kivuko cha asubuhi, daftari la jalada gumu kwapani, akashika mtaa mmoja, akabisha nyumba kwa nyumba. Wakati mwingine nilifuatana naye. Kila nyumba aliiandika: mahali ilipo, rangi ya mlango, na mbele yake neno moja kati ya mawili, "nimejibiwa" au "sikujibiwa". Zile ambazo hakujibiwa alizirudia. Watu walimdhania mhubiri, mtu wa sensa, mpima ardhi. Huko Mtongwe kulikuwa na kikundi cha wanawake waliokaa kusukana nywele mbele ya nyumba, waliomwona akipita mara nyingi hata wakamzoea. Mmoja wao alimwita.

"Mzee, huyo Mbeyu wako alikuacha lini, hata humsahau?"

Wenzake waliangua kicheko. Fundi aliwasubiri wamalize kucheka.

"Mimi ndiye niliyemwacha, mama," alisema.

Mwanamke yule alishusha kitana. Kuanzia siku ile walimwulizia Mbeyu na wao, kila mmoja kwao, na hawakumtania tena.

Zilikuja habari za Mbeyu wengi. Mmoja alikuwa ajuza. Mmoja alikuwa mtoto wa darasa la pili. Mmoja alitoka nje na kanga begani akasema ndiye, lakini hakuwa amepata kukanyaga Junda maishani mwake. Fundi alimsalimu vizuri, akamwuliza afya yake, akangoja jibu kamili, kisha akaandika.

"Huenda alitibiwa kwingine," nilimwambia tukiwa njiani kurudi.

"Huenda."

"Kukohoa kukizidi mtu huenda hospitali, Fundi. Lazima."

"Ujumbe ulimwambia si kifua. Akienda ataambiwa nini, naye atasema ameshapimwa?" Alitazama maji. "Huenda, Mama Riziki. Siwezi kulala juu ya huenda."

Kazini, mwanamke akikohoa upande wa pili wa ukuta, mabonyezo ya kibodi yalikoma nyuma yangu. Nilimsikia akisimama, akishuka. Baada ya kitambo alipanda tena, akakaa, na mabonyezo yakaendelea. Hakusema alikwenda wapi, na sikumwuliza. Mimi nami nilikuwa na yangu. Nyumbani, wali ukinyamaza motoni nilifunua, nikafunika, nikafunua tena, mpaka binti yangu akasema, "Mama, unautafuta nini humo?"

Miaka sita nilikaa na zile dakika kumi na mbili. Nilijiambia kwamba hazimsaidii mtu. Nilijiambia kwamba kosa lina mwenyewe, ameshalikiri. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililonipa usingizi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kwake, Magogoni, mwaka mmoja na kidogo baada ya kustaafu. Mkewe alinipigia simu. "Mama Riziki, njoo umtazame mwenzako. Sukari imempanda, miguu imekataa. Hasemi sana, ila jina lako amelitaja."

Nilimkuta sebuleni, kitini, miguu imefungwa vitambaa na kuinuliwa juu ya stuli. Alikuwa amekonda usoni, na miwani ilimpwaya. Nilimwamkia. Aliitikia, akaniuliza nimeamkaje, akangoja. Ndipo nikajua siwezi kusema salama.

Nikamwambia. Nilimweleza saa ya ukutani, mkutano wa wazazi, mkoba, ngazi. Nilimwambia kwamba niliona kazi imekwisha mapema mno na nikafurahi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Hakuingia mpaka nilipokoma.

"Dakika kumi na mbili," Fundi alisema taratibu. "Seva iliandika. Na zamu ilikuwa na jina lako."

"Ulijua?"

"Tangu ile Ijumaa."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Mbona hukukishuku kitu nilichokwambia mimi ukiamini?" Alitaka kusogeza mguu, akashindwa, akauacha. "Nilingoja useme. Kuna siku nilikata tamaa. Nikajiambia, a'a, huyu yumo, hajafa. Atamaliza."

Nililia kidogo, naye akaniacha nilie, kisha mkewe akatutilia chai. Tulikunywa. Daftari la jalada gumu lilikuwa juu ya meza, limevimba kwa unyevu wa bahari, limefungwa kwa ule mpira uliokuwa wa simu yake.

"Nipe, Fundi," nikasema. "Jumamosi nitakwenda mimi."

Alilitazama daftari. Nilidhani hakunisikia, nikarudia.

"Andika kwanza," alisema.

"Niandike nini?"

"Kwamba sikumaliza."

"Baba watoto," mkewe aliingilia, "si umwachie tu mwenzio? Anajua unaumwa."

"Asiandike naumwa. Asiandike nimestaafu." Alinigeukia. "Anayekuja baada yako akikuta kimya atadhani Likoni yote ilitafutwa akakosekana. Andika, hakumpata, na kazi haikumalizika. Ndipo uichukue."

Nikaandika, kwa kalamu yake, katika mstari ulio chini ya nyumba ya mwisho. Akalitaka daftari, akasoma nilichoandika akiwa amelisogeza karibu na uso, akatikisa kichwa kukubali. Lakini hakunirudishia. Kidole chake kilipanda mstari mmoja juu na kikakaa hapo.

"Hii nyumba," alisema. "Ya mlango wa bati, nyuma ya kanisa dogo. Nimeandika nimejibiwa."

"Naona."

"Si kweli." Alisema akilitazama daftari, si mimi. "Miguu ilikuwa inaniuma. Nilibisha mara moja. Nikasikia kama mtu anasogea ndani, nikajiambia hakuna mtu, nikaondoka. Nikaandika nimejibiwa ili nisirudi."

Mkewe aliweka kikombe chini. Nje, jirani alikuwa akichota maji, na ndoo iligonga ukingo wa tangi mara mbili. Nilimtazama mtu yule ambaye kwa miaka tisa alitudai sote jibu kamili, na nikaona kwamba mstari ule mmoja ndio uliomfanya alitaje jina langu.

"Usianzie inayofuata," alisema. "Anzia hiyo."

Nilichukua kalamu. Nikalikata lile neno lake, na mbele yake nikaandika "bado". Aliniomba nimwonyeshe. Alilitazama mpaka wino ukakauka, kisha akanirudishia daftari kwa mikono miwili.

"Haya, mama," alisema. "Sasa anza."